Kodi ATI NI KAMA MVUA?? Nimechoka na yule mtu wa baria

Jameni nimefika soko la Kibuye, Kisumu, saa hii na mikono bado inatetemeka. Simtaji, nyote mnamjua, yule wa kamba na jaketi ya njano. Nimebeba magunia 30 ya viazi, nimelipa sesi, ile ada ya kaunti ya mazao, pale nilipopakia, bob 40 kwa gunia, risiti ninayo. Kuvuka tu kaunti ingine huyo hapo, ati kwao ni bob 100. Gunia ni lilelile, hakuna kiazi kimezaa njiani! Nikamuuliza kwa heshima, ndugu yangu, hiyo mia imetoka wapi? Anatafuna karanga, hata macho hainui, ananiambia "Mathe, kodi ni kama mvua, kila mahali inanyesha yake." Mbele ya dereva! Mbele ya tanboi ambaye mimi ndio humlipa! Karanga mdomoni!

Tumekaa kwa jua mpaka viazi karibu viote tuvivune hapohapo barabarani. VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ni 16% Busia na ni 16% Mombasa, sasa mbona viazi vyangu vibadilishiwe bei kila tukivuka mto? Kama mvua! Mvua ni ya Mungu, hiyo 3,000 yangu ni ya nani? Aki kama mvua.

Wakili_wa_Kijiweni: Pole dada, lakini soma katiba kifungu cha 209. Kodi ya mapato, VAT na forodha ni za serikali kuu, ndio maana ni moja nchi nzima. Kaunti zilipewa rates za ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma zao, na kila bunge la kaunti linapitisha sheria yake ya fedha. Kaunti ni 47, hesabu mwenyewe. Lakini kifungu hichohicho kinakataza kaunti kutoza kwa njia ya kuumiza biashara inayovuka mpaka. Ungemsomea hiyo.

Mwenye uzi: Nimsomee akinirushia maganda ya karanga??

Omena_Fresh: Ulishusha kitu kwao ama ulikuwa unapita tu? Kama ulikuwa unapita mathe uliliwa mchana peupe na ukasema asante.

Binamu_wa_Majuu: Hata Marekani ni hivyo. Oregon hakuna kodi ya mauzo kabisa, California inaanzia 7.25% na wilaya na miji inaweza kuongeza yake juu. Huyo wa mvua hakukosea sana.

Mwenye uzi: Wewe kaa huko na Oregon yako. Aliniambia MBELE YA TANBOI.

Mitumba_Kila_Soko: Baria moja unalia? Mimi nazunguka kaunti tatu na leseni tatu, na soko zote choo hazina mlango.

Nax_Vegas: Choo ni nini, mimi nimelipa parking asubuhi mji mmoja, jioni nikafungwa mnyororo mji mwingine ati tiketi ni ya kwingine. Gari ni hiyohiyo!

Mama_Chapo: Mathe hivyo viazi ni aina ya shangi? Gunia unaachilia ngapi?

Omena_Fresh: Shangi huota haraka, usinunue vya jana.

Mama_Chapo: Wacha uongo, shangi ndiyo inaiva haraka, makaa yenyewe ni bei gani siku hizi?

Mitumba_Kila_Soko: Makaa usiniulize.