Naomba ushauri: laktati inapanda kabla msuli wa panya haujaganda

Habari wakuu. Tuko Tabora, tunapima glikojeni (akiba ya sukari ya msuli) na laktati (zao la sukari ikivunjwa bila oksijeni) kwenye misuli ya mguu wa nyuma wa panya wa maabara, yaani soleasi na gastroknemiasi, misuli miwili ya shavu la mguu. Kasheshe ni kuugandisha haraka ili vipimo visibadilike. Msuli ukishakosa damu, sekunde chache tu unaanza kula glikojeni yake na laktati inapanda, hasa panya akitapatapa kwa nusukaputi pungufu.

Tunabana kwa koleo za alumini zilizopozwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196. Kutumbukiza kipande kizima hatutaki: kinazingirwa na mvuke, ndani kinachelewa kuganda. Ila mtungi wetu ni wa wahimilishaji ng'ombe (wanaopandikiza mbegu), na naitrojeni huisha kazi haijakamilika.

Naona njia mbili. Barafu kavu (kabonidayoksaidi iliyoganda) na ethanoli, kama nyuzi −78, au kusaga msuli mbichi papo hapo kwenye asidi ya perkloriki 0.6 M iliyo barafuni. Asidi inafaa laktati, lakini sehemu ya glikojeni huzama na protini. Hiyo itabidi ichemshwe pembeni kwenye KOH (potasiamu haidroksaidi) asilimia 30.

Aliyebana gastroknemiasi kwa barafu kavu, mlikata unene gani? Na Tabora au Kigoma barafu hiyo inapatikana wapi?