Naomba ushauri: kusafisha tangi na vifaa vya maji chumvi vilivyotumika

Mkazi wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, tena wa haraka. Nimenunua vifaa vya akwariamu (tangi la kufugia samaki) ya maji chumvi kwa mzungu mmoja wa Masaki aliyekuwa anarudi kwao. Kuna tangi la kioo la lita 200, pampu mbili, ile mashine ya kutoa povu wanaiita skima, hita, taa, na mawe ndoo mbili. Vilikaa stoo muda mrefu, vimekauka na kushika ukoko mweupe na mwingine wa zambarau. Pampu moja haizunguki kabisa. Nitumie siki au jiki? Au nichanganye vyote viwili nimalize kazi mara moja? Wikiendi hii nataka nianze kujaza maji, kuna mtu ananisubiri.

Mama Wawili Sinza
USICHANGANYE! Siki na jiki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Dada wa kazi kwa jirani yangu alifanya hivyo chooni, mlango umefungwa. Tulimtoa anakohoa, macho mekundu, kifua kinambana mpaka tukakimbilia zahanati. Kila mwenye stoo na jiki aisome hii post yangu hata kama hana samaki.

Fundi Boti Kigamboni
Adui yako ni chumvi, mkuu. Mimi natengeneza mashine za boti. Boti ikirudi tu, tunapitisha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye injini kabla ya kufanya lolote. Kuna bosi mmoja alikataa, akasema ni kupoteza maji. Mwaka haukuisha, njia za maji kwenye injini zikaziba chumvi na kutu, ikazimika katikati ya bahari watu wakiwa njiani kwenda harusini. Bibi harusi alivutwa na ngalawa! Kwa hiyo loweka kila kitu kwenye maji baridi kwanza.

Mkazi wa Tabata
Asanteni, nimeelewa hiyo ya gesi. Lakini bado hamjanijibu, siki au jiki?

Binti Kunduchi
Vyote, ila kwa zamu, na katikati unasuuza sana. Siki inayeyusha chokaa, na huo ukoko ni chokaa. Hata ule wa zambarau ni mwani unaojijengea chokaa. Jiki inaua vijidudu na kuondoa uozo, lakini chokaa haiigusi.

Pampu ifungue, chomoa impela (kile kipanga kidogo kinachosukuma maji) na sumaku yake, tumbukiza kwenye siki na maji nusu kwa nusu mpaka asubuhi, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Kioo kiparue kwa wembe, ila usikaribie silikoni, ile gundi ya kona. Skima ni plastiki, usiiguse kwa wembe wala waya wa masufuria, itajaa michirizi. Hita ichomoe umeme, na isiwashwe nje ya maji, kioo chake kitapasuka. Jiki kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, saa chache zinatosha. Halafu suuza, anika juani mpaka harufu iishe kabisa.

Sasa nikuulize na mimi. Samaki wa huyo mzungu walienda wapi?

Mkazi wa Tabata
Alikuwa anahama dada, nimeshasema. Mawe nimepanga niyachemshe kwenye sufuria kubwa.

Binti Kunduchi
Mawe usichemshe! Kwenye mawe ya bahari huwa kuna vinyama laini vya jamii ya matumbawe, na baadhi yake vina sumu inayoitwa palitoksini. Ukichemsha, mvuke unaibeba na watu wa nyumba nzima wanaivuta. Kuna familia zimelazwa hospitali huko nje kwa kosa hilo hilo. Na swali langu hujalijibu.

Mzee wa Busara
Vijana, samaki kaumbwa aishi baharini. Mwenyezi Mungu katupa bahari bure, wewe unamfungia kiumbe kwenye kioo Tabata ambako umeme unakatika na hewa ya maji inaisha. Na hao samaki utawatoa wapi? Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, hupaswi kuchukua hata jiwe.

Mkazi wa Tabata
Shikamoo mzee. Sitachukua kitu hifadhini. Nina jamaa ananiletea kamba wale wa rangi na anemoni mbili (wale viumbe laini wa baharini kama ua), na samaki wa chungwa wenye mistari mieupe. Ni za kuweka mapokezi kwenye kliniki ya meno. Wamenilipa advansi, na nusu nimeshampa jamaa. Kwa hiyo ushauri wa kuacha haunisaidii.

Binti Kunduchi
Kamba na anemoni. Basi nakuuliza kwa mara ya mwisho: samaki wa mwanzo walikufa?

Mkazi wa Tabata
Walipata madoa meupe mwilini. Alitia dawa, wengine wakapona, wengine wakafa. Alinipa na chupa iliyobaki, maji yake ya buluu. Nyuma imeandikwa ina shaba. Lakini tangi ni kavu kabisa, na mimi naliosha upya, sioni tatizo.

Binti Kunduchi
Hilo ndilo lilikuwa la kusema mwanzo! Madoa meupe hayanitishi, kijidudu chake hakivumilii kukauka. Shaba ndiyo haikauki ikaondoka. Kioo hakiinyonyi, ila mawe na mchanga wa chokaa vinaishika, halafu vinaiachia majini kidogo kidogo. Samaki atavumilia. Kamba, konokono na anemoni wanakufa kwa kiasi ambacho jicho halioni.

Daktari wa Mtaa
Hapo nakataa. Damu ya kamba yenyewe ina shaba badala ya chuma kama yetu. Itamuuaje kitu alichonacho?

Binti Kunduchi
Ni kweli damu yake ina shaba, lakini imefungwa ndani ya protini inayobeba hewa. Ikizidi majini inamharibu matamvua. Wewe una chuma kwenye damu, na bado mtoto akimeza vidonge vingi vya kuongeza damu anapelekwa hospitali.

Mpekuzi
Wakuu hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake, mwezi uliopita alikuwa anaomba ushauri wa kufuga kware. Leo ana akwariamu ya maji chumvi, mzungu wa Masaki, kliniki ya meno, chupa ya buluu. Lita 200 za maji ya bahari zinataka karibu kilo 7 za chumvi maalumu. Ya dukani kwa Mangi haifai. Mwambieni aeleze anaitoa wapi.

Mama Wawili Sinza
Hata mimi nilishangaa mtu kununua kitu bila kuuliza kilikuwa na nini.

Mkazi wa Tabata
Kware niliomba ushauri na bado ninao, sioni kosa. Chumvi ya mzungu ipo ndoo nzima haijafunguliwa. Kama natunga, niambieni nimetoa wapi hii: kikombe cha juu cha skima kina utando wa kahawia umekauka, ukimwagia maji unanuka yai viza nyumba nzima. Na kwenye shimo la impela kuna pete ya zambarau ngumu, nimeisugua kwa msumari ikatoka vipande vipande, ndani nyeupe.

Fundi Boti Kigamboni
Huyu anacho kitu mkononi, Mpekuzi. Hayo huyajui mpaka uifungue.

Mpekuzi
Sawa, naondoa neno chai. Ila mawe ayatupe.

Mkazi wa Tabata
Mawe siyatupi, nimeyalipia. Nitayaosha kwa siki mara mbili.

Binti Kunduchi
Siki itakula jiwe lenyewe, na shaba nyingine itabaki ndani. Kapambie nayo bustani. Mchanga kama upo, nao uache. Silikoni watu wanabishana, kwa hiyo osha, jaza maji chumvi, weka kaboni (mkaa wa kuchujia maji), pima shaba kwa kipimo chake ndipo uamue. Na usiweke kamba wikiendi hii hata kipimo kikisema sifuri.

Mkazi wa Tabata
Nimempigia wa kliniki. Amekubali tuanze na samaki peke yake, kamba na anemoni baadaye. Jamaa wa kamba hajapokea simu. Hii chupa ya buluu niimwage mtaroni?

Binti Kunduchi
Hapana, mtaro wa Tabata unaingia Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini. Ifunge, uitunze mbali na watoto. Samaki wakija kupata madoa utaitumia kwenye ndoo ya pembeni, yenye pampu yake peke yake.