Mjadala: Vichekesho vya zamani vya Uingereza virudi hewani vilivyo, vikatwe, au vifungiwe?

Mtoa mada, Mombasa

Ndugu zangu, hamjambo. Naleta mada ambayo imenikaa rohoni muda mrefu. Tuijadili kwa hoja, matusi tuyaache mlangoni.

Vichekesho vya Uingereza vya miaka ya 1970 vinasemwa leo kwamba vinadhalilisha watu wa mataifa mengine. Juni 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd kule Marekani, kampuni ya UKTV iliondoa sehemu moja ya kichekesho cha hotelini, Fawlty Towers, kwenye mtandao wake. Siku chache baadaye ikairudisha na onyo juu yake, maana watu walipiga kelele, akiwemo John Cleese mwenyewe, mmoja wa watunzi na mchezaji mkuu. Wengine wanataka kanda za namna hiyo zifungiwe kabisa. Wengine wanasema zikatwe maneno mabaya kisha zirushwe.

Mimi nasema zirushwe zilivyo, onyo liandikwe mwanzoni, basi. Na nitakitetea hasa kipindi kimoja, Mind Your Language, kwa sababu ndicho kilichotuvunja mbavu huku kwetu tangu enzi za VoK, Sauti ya Kenya.

Wa rika langu mnakumbuka. Runinga moja mtaa mzima, nyeusi na nyeupe, antena imefungwa juu ya mti, mtoto mmoja yuko nje anaizungusha na walio ndani wanapiga kelele "hapo hapo, usiguse tena!" Waliokosa nafasi sebuleni wamejazana dirishani. Ndipo anaingia Bw. Jeremy Brown, yaani Barry Evans na uso wake wa kitoto, kufundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima London. Mkuu wa shule, Miss Courtney, alimtaka mwalimu mwanamke na hachoki kumkumbusha. Ali Nadim wa Pakistani na Ranjeet Singh, Kalasinga, hawamalizi kipindi bila kurushiana maneno. Ranjeet akibanwa anaunganisha viganja na kuomba radhi mara elfu. Jamila anafuma sweta huku somo linaendelea. Su-Lee wa China majibu yake anayatoa kwenye kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao, na kwa Taro Mjapani hataki hata kusikia. Juan wa Uhispania haelewi swali, anajibu hivyo hivyo kwa tabasamu pana, na kwake kila kitu ni sawa tu. Mwalimu akishafikia hali ambayo hawezi kuieleza kwa mtu yeyote, mlango unafunguliwa na Miss Courtney anaingia.

Tulikuwa tunacheka nini? Sisi tulifundishwa Kiingereza kwa fimbo. Shuleni ukiteleza ukasema lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni, na jioni wote waliokivaa wanapanga foleni kuchapwa. Halafu kwenye runinga tunawaona watu wazima wenye kazi zao, mpishi, mhudumu wa baa, yaya, wanakosea mbele ya mwalimu asiyemchapa mtu. Wanakosea, wanajaribu tena, wanacheka. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa mno, na sikubali liitwe dhambi.

Kilianza mwishoni mwa 1977 kwenye kituo cha LWT cha London. Baada ya sehemu 29, mwaka 1979, Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa pale, akakisimamisha kwa hoja kwamba kinawachora wageni vibaya. Mwaka 1986 wengine wakatengeneza sehemu 13 za nyongeza. Wahindi, wale wale tunaoambiwa walitukanwa, walitengeneza toleo lao la Kihindi miaka ya 1990. Wangeiga kitu kilichowatukana?

Mchangiaji, Leicester

Kaka wa Mombasa, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni binti wa Kalasinga wa Nairobi. Babu alikuwa fundi wa reli, baba amezaliwa Nairobi, na Kiswahili cha nyumbani kwetu hadi leo ni cha gereji na cha sokoni. Tulihamia Leicester nikiwa mdogo. Ni mji ambao mwaka 1972, Amin alipowafukuza Waasia Uganda, halmashauri yake ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja. Sisi tukaja pia.

Kipindi unachokisifu tulikitazama sebuleni, na baba alicheka. Tatizo lilikuwa siku ya shule iliyofuata. Kaka yangu alikuwa na kilemba kidogo cha watoto. Akiingia tu uwanjani, wavulana wanaunganisha viganja, wanatikisa vichwa na kumwomba radhi mara elfu, mmoja baada ya mwingine, hadi kengele inapigwa. Mwalimu wa zamu anaona, anatabasamu. Kaka alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyetaka kujua hilo. Kwao alikuwa Ranjeet. Mwaka wa pili wa sekondari alinyoa nywele, na mama aliugua kwa ajili ya jambo lile.

Nyinyi kipindi kikiisha mlizima runinga na kurudi kwenye maisha ambamo kila mtu anajua nyinyi ni nani. Sisi kilitufuata barabarani.

Toleo la Kihindi unalolitaja lilitengenezwa India, na Wahindi, kwa ajili ya Wahindi. Pale hakuna mtoto mmoja mwenye kilemba katikati ya uwanja wa watoto mia tatu. Sitaki kanda zichomwe. Nataka mtu anieleze kwa nini nilipie kodi ya televisheni ili zirudi saa za familia.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada wa Leicester pole sana, na pole kwa kaka yako. Mtoa mada, nakuunga mkono nusu.

Sisi wa bara televisheni ilitufikia 1994, kwa hiyo hivi vitu tuliviona kwa kanda za video, nyingi zilizokwaruzika. Mimi niliviona vyote kwa mkupuo, na nikagundua si vya aina moja. Lazima tuulize: anayechekwa ni nani?

Chukueni ile sehemu ya Fawlty Towers, ya Oktoba 1975. Basil ana hoteli, wageni Wajerumani wamefika. Yeye ametoroka hospitalini na bandeji kichwani. Anawaonya wafanyakazi wasitaje vita, kisha kila agizo la chakula analolirudia linageuka vita mdomoni mwake. Mgeni mmoja mwanamke anaangua kilio. Basil anadhani atamchangamsha kwa kutembea kama askari wa Hitler, miguu inarushwa hadi usawa wa pua. Mwisho yuko chini sakafuni, na Wajerumani wanamtazama kwa huzuni wakiulizana hawa watu walishindaje vita. Anayechekwa pale ni Mwingereza, kwa wivu wake na ujinga wake. Maneno machafu kuhusu watu weusi anayatamka yule Meja mzee anayeishi hotelini, na yanamwonyesha yeye alivyooza akili. Ukiyakata, unamsafisha Meja. Kwa nini umsaidie?

Na hebu sikieni hili: aliyecheza Manuel, mhudumu wa Barcelona, ni Andrew Sachs, mzaliwa wa Berlin. Baba yake alikuwa Myahudi, familia ikawakimbia Wanazi 1938. Mtu yule alikuwa na haki kuliko wote kucheka katika sehemu ile.

Lakini Vince Powell, mtunzi wa Mind Your Language, ndiye pia aliyeandika pamoja na Harry Driver ile Love Thy Neighbour, mzungu na jirani mweusi wanatukanana rangi kila wiki. Humo tusi lenyewe ndilo kichekesho. Hiyo siitetei.

Mchangiaji, Nairobi

Mkuu wa Dar, kipimo chako kinavuja. Alf Garnett wa Till Death Us Do Part aliandikwa na Johnny Speight ili mbaguzi achekwe. Waingereza wengi wakampenda, wakasema huyu ndiye anasema ukweli wetu. Nia ya mwandishi haimlazimishi mtazamaji. Na Manuel wako anapigwa makofi na vijiko kichwani kipindi baada ya kipindi kwa kosa la kutojua Kiingereza. Wahispania wenyewe walipokitafsiri wakamfanya Mwitaliano, wakamtupia jirani mzigo.

Mchangiaji, Songea

Naomba nitoe jambo ambalo halijaguswa. Hebu mrudie darasa la Bw. Brown, dawati kwa dawati. Mwitaliano, Mgiriki, Mfaransa, Mjerumani, Mhispania, Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mjapani, baadaye Mhungari na Mswidi. Mwafrika yuko wapi? Mkaribi yuko wapi? London ya 1977 ilikuwa imejaa watu wetu, lakini katika lile kundi la kudumu la wanafunzi hakuna hata mmoja.

Ndiyo maana Afrika Mashariki tulicheka bila kidonda. Hatukuwa kwenye dawati. Angekuwepo Mwafrika mmoja pale, anasema kwa lafudhi ya kubuni na kukodoa macho, leo mtoa mada angeandika mada nyingine kabisa.

Kuna na It Ain't Half Hot Mum ya BBC, 1974 hadi 1981, kuhusu askari Waingereza wa kikundi cha maigizo wakati wa Vita vya Pili, kwanza India, halafu Burma. Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za masika ya kule, tope hadi magotini, watu wanakufa kwa malaria na kwa risasi. Alisimulia hadi anafariki. Katika Burma ya kile kichekesho wanajeshi wa KAR hawaonekani. Na mhusika mkubwa Mhindi, Rangi Ram, amechezwa na Mwingereza Michael Bates aliyepakwa rangi usoni. Sisi tumefutwa, Mhindi amepakwa. Kwa hiyo onyo la maandishi mwanzoni linanionya kuhusu kilichomo. Kuhusu kilichoachwa nje, nani ataniambia?

Mchangiaji, Unguja

Mimi nasema tu warudishe Mr. Bean, watoto wangu na mama yangu mzee wanacheka pamoja na hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Mengine bishaneni.

Mtoa mada, Mombasa

Nimewasoma wote. Dada wa Leicester, marahaba, na umenigusa. Lakini hoja yangu ninayo bado, sasa naielekeza vizuri zaidi.

Mkuu wa Songea amesema kweli kuhusu dawati tupu, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka sehemu nzima zionekane. Yeye ameliona pengo kwa sababu alitazama darasa lote. Wakianza kukata, tutabaki na vipande vya dakika mbili mbili vinavyozunguka kwenye simu, Ranjeet na viganja vyake tu, bila Bw. Brown anayemheshimu na bila ya wenzake. Hapo ndipo kejeli inabaki peke yake.

Na kufungia nako naogopa. BBC ya miaka ya 1960 na 1970 ilifuta kanda zake yenyewe ili izirekodie vitu vingine, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani zitahitajika. Mwaka 2013 sehemu 9 za Doctor Who zilizopotea Uingereza zikatangazwa kupatikana Nigeria, mjini Jos, kwenye kituo cha televisheni. Afrika ilitunza walichotupa wenyewe. Kitu kikishasemwa hakifai, bajeti ya kukitunza ndiyo ya kwanza kukatwa, na miaka hamsini baadaye mjukuu wa yule kaka yako hatakuwa na ushahidi wa kilichomnyoa babu yake nywele.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Saa tatu usiku kuendelea, ambayo Uingereza ndio mpaka wa vipindi vya watu wazima. Sehemu nzima. Na badala ya mstari mmoja wa onyo, dakika tano kabla ya kuanza azungumze mtu aliyeyaishi. Wewe, kwa mfano.

Mchangiaji, Leicester

Kaka, unajua Barry Evans alimalizia maisha yake huku kwetu Leicestershire, akiendesha teksi? Alifariki 1997. Na Albert Moses, aliyecheza Ranjeet, alizaliwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Siwachukii hata kidogo. Moses alikuwa mchezaji hodari ambaye London ya siku zile haikumfungulia milango mingi.

Dakika tano sitaki, nipe kumi. Na baada ya kipindi, si kabla, maana nataka wacheke kwanza kama baba alivyocheka, halafu wanisikie. Kwa Mind Your Language nakubali kwa sharti hilo. Kwa Rangi Ram wa rangi ya kupaka sikubali, hata ikiwa saa nane usiku.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hapo kwa Rangi Ram mimi na wewe tuko pamoja, dada. Lakini mtoa mada atapinga, namjua, atasema Bates alizaliwa India na alikiongea Kiurdu. Tungoje jibu lake, ila akija atuambie pia kwa nini mchezaji Mhindi hakupewa nafasi ile, wakati Dino Shafeek, yule yule Ali Nadim, alikuwemo humo humo akiuza chai.