Naomba msaada wa hesabu: vikorombwezo 6 vya mihogo vinatoa sahani ngapi tofauti?

Muuza Mihogo Shangani
Habari zenu wakuu. Nina meza ya mihogo ya kukaanga hapa Shangani, Mtwara. Vikorombwezo ni 6: kachumbari, pilipili ya kusaga, ukwaju, embe mbichi, tomato sosi na korosho za kuponda. Mteja anachanganya anavyopenda. Nataka bango langu liseme zinatoka sahani tofauti ngapi. Kijana ninayefanya naye kazi anasema 36, yaani 6 mara 6. Sitaki kuwaandikia wateja uongo, nisaidieni.

Mla Pweza
Mkuu, hiyo ni 6×5×4×3×2×1. Jibu 720.

Ticha wa Masasi
Hapana ndugu yangu. 720 ni idadi ya namna za kuvipanga vyote 6 kwa foleni. Kwenye muhogo, utangulie ukwaju au itangulie kachumbari, sahani ni ileile.

Mleta mada, fikiria unavyomhudumia mteja. "Kachumbari niweke?" Ndiyo au hapana, njia 2. "Pilipili?" Tena 2, na kila jibu la mwanzo linaweza kukutana na lolote la pili, tayari ni 4. Ukimaliza vyote: 2×2×2×2×2×2 = 64. Humo yumo pia anayekataa vyote akala na chumvi tu. Usipomhesabu huyo, ni 63. Mimi ningemhesabu, naye ni mteja.

Dada wa Mikindani
Na akiruhusiwa vitatu tu? Maana korosho bila kikomo kwa bei moja, mtaji utakatika huo.

Ticha wa Masasi
Akichagua vitatu kamili: cha kwanza ana njia 6, cha pili 5, cha tatu 4, ukizidisha ni 120. Ila vitatu vilevile vinaweza kutajwa kwa mipangilio 6 (3×2×1), hivyo gawa 120 kwa 6: 20.

Hakikini na ile 64: bila kitu 1, kimoja 6, viwili 15, vitatu 20, vinne 15, vitano 6, vyote 1. Jumlisheni. Ni mstari wa pembetatu ya Pascal huo (pembetatu ya namba ambayo kingo zake ni 1 na kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake), napenda sana kuufundisha.

Muuza Mihogo Shangani
Ahsante sana ticha. Wapo wanaotaka pilipili kwa mbali na wanaotaka kali. Inabadilisha?

Ticha wa Masasi
Sana. Pilipili sasa ina majibu 3: hapana, kwa mbali, kali. Vingine 5 vinabaki na 2 kila kimoja, yaani 32. Mara 3 ni 96.

Muuza Mihogo Shangani
Basi fundi anaandika 96. Korosho nitazitoza pembeni, dada kaniokoa.