Kingamwili inashika protini kwenye sahani, kwenye kimelea haishiki. Nifanyeje?

Mwana_Ngara: Wadau, habari za jioni. Nasoma uzamili hapa Nairobi, utafiti wa malaria. Nina kingamwili ya panya, monokloni (ya aina moja tu, inashika mahali pamoja), dhidi ya MSP2, protini ya juu ya merozoiti, yaani kimelea kinachovamia chembe za damu. Kwenye ELISA, kipimo cha sahani chenye protini tupu, rangi inakolea vizuri mno. Kwenye slaidi yenye vimelea, giza tupu. Nieleze vipi kwenye tasnifu bila kuonekana sijui kazi? Usingizi umenipaa.

Babu_Umoja: Binti, lala kwanza. Mimi nilikesha kwa mtihani wa uhasibu, leo hata cheti sijui kiko wapi.

Mama_Tumaini: Ni ile chanjo iliyoanza kutolewa Homa Bay 2019? Kumbe haishiki?!

Kaka_Pipeti: Mama, hapana, mpeleke mtoto. Hiyo ni RTS,S, inalenga CSP, protini ya juu ya sporozoiti, yaani kimelea anayeletwa na mbu. MSP2 ni ya hatua ya damu. Zinafanana hapa tu: MSP2 karibu nzima, na ile sehemu ya CSP yenye NANP (herufi za amino asidi nne, vijenzi vya protini) ikijirudiarudia, hazina umbo la kudumu, zinachezacheza kama kamba iliyolegea. Protini iliyojikunja huweza kushikwa mahali ambapo vipande vya mbali vimekutanishwa na mkunjo. Hizi kwa kawaida hushikwa kipande kifupi, amino asidi chache zinazofuatana, nacho hutulia katika umbo moja kikishanaswa. Dada Ngara, kwenye kimelea MSP2 imetiwa nanga kwenye utando na kusongwa na majirani, kwa hiyo kipande chako huenda kimefichika. Kwa MSP2 hii hii jambo hilo limeshaonekana. Slaidi umemwonyesha nani?

Mwana_Ngara: Msimamizi ameona ELISA, amefurahi.

Kaka_Pipeti: Nimeuliza slaidi.

Mwana_Ngara: Sawa. Muhtasari wa kongamano nimeshatuma, unasema kingamwili "inatambua kimelea". Lakini mfuatano wa protini ni ule ule! Na vimelea nilivikaza kwenye slaidi kwa asetoni, pengine ndiyo iliyoharibu. Slaidi nitaziacha nje ya tasnifu tu.

Mtumishi_K: Dada, mficha maradhi kifo humuumbua.

Babu_Umoja: Asetoni si ndiyo ya kutolea rangi ya kucha?

Sidanganyiki254: Uzi wa kubuni huu. Mtu ana kingamwili, ana msimamizi, halafu anatuuliza sisi? Kaka Pipeti na Ngara ni mtu mmoja. Tuonyesheni picha ya sahani.

Mama_Tumaini: Hata mimi nilianza kushuku. Juzi kulikuwa na wa "shamba la bangi la mjomba".

Kaka_Pipeti: Mpimeni hivi: Ngara, kwenye jeli ya kupanga protini kwa ukubwa, MSP2 yako inasimama wapi?

Mwana_Ngara: Juu kuliko uzito wake wa hesabu. Nilidhani nimepewa protini nyingine. Hata nikiichemsha haigandi.

Kaka_Pipeti: Protini hizi zisizo na umbo hunasa kidogo sabuni ya jeli, ile inayozisukuma, kwa hiyo hutembea polepole zikaonekana kubwa. Na hazina mkunjo wa kuvunjwa na moto. Mtu wa kubuni asingeleta hayo. Ngara, jaribu vimelea visivyokazwa kwa asetoni, na kingamwili nyingine inayoshika kipande tofauti. Na kuhusu muhtasari, waandikie waandaaji leo urekebishwe.

Mwana_Ngara: Waandaaji mmoja wao ni msimamizi wangu.

Sidanganyiki254: Basi wewe ndiye msimamizi, unamchunguza mwanafunzi.

Mwana_Ngara: Msimamizi haulizi watu. Hutuma barua pepe saa sita usiku.