Ua la mlango: pande mbili laini, pande mbili matuta. Nichague njia gani ya kumalizia?

Patasi_Mvita:
Salaam wakuu. Niko Magongo, nina karakana ndogo na CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya mbao ya mihimili mitatu niliyonunua mtumba. Mteja wa Kibokoni anataka mlango wa nakshi: ua moja katikati ya kila paneli, limeinuka milimita 18, majani yanateremka kwa ukali hadi chini. Marehemu baba angelichonga ua hilo kwa patasi huku akipiga soga. Mimi nina kompyuta na bado nahangaika.

Kumalizia natumia biti ya milimita 6 yenye ncha ya duara, njia ya mistari sambamba inayofuata urefu wa paneli, hatua ya 0.6 kati ya mstari na mstari. Paneli ni 400 kwa 600. Kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika yala saa tatu na dakika ishirini. Ikitoka, pande mbili za ua zinateleza, pande mbili zina matuta utadhani shamba la viazi. Ua lilelile, biti ileile! Nikajaribu njia ya kontua peke yake, ile biti inazunguka ua ikishuka kina kwa kina: kuta safi, kilele kikawa ngazi ngazi. Nimeshaharibu vipande viwili vya mwembe, na mbambakofi sithubutu kuuchezea. Nipunguze hatua iwe 0.2?

Chumvi_Kuu:
Faili ni STL, ile inayojenga umbo kwa vipembetatu? Huenda ni vile vipembetatu vya modeli vinajionyesha.

Patasi_Mvita:
La, modeli nimeikuza kwenye skrini, ni laini. Na vipembetatu vingechaguaje pande mbili tu?

Msasa120:
0.2 usiiguse, yakhe. Hizo ni saa kumi kwa paneli moja, na stima ya huku waijua.

Programu hupima hatua kana kwamba inatazama paneli kutoka juu. Ukuta ambao mstari unaukabili, biti hupanda na kushuka, nafasi inabaki 0.6. Ukuta ulio ubavuni mwa mstari ndio wenye taabu: ile 0.6 inatandazika mtelemkoni. Kwa digrii 70, gawa 0.6 kwa kosaini ya 70, wapata kama 1.75.

Sasa urefu wa tuta: hatua mara hatua, kisha gawa kwa mara nane ya nusukipenyo cha biti. Tambarare ni 0.36 gawa kwa 24, yaani milimita 0.015, msasa hata hautajua kulikuwa na tuta. Ukutani ni kama 0.13, na hiyo kidole kinaihisi. Kontua ni kinyume chake, kwa sababu yenyewe yahesabu kina. Ukishuka 0.5 kila mzunguko, kwenye mtelemko wa digrii 10 mistari inaachana karibu milimita 2.9. Ndizo ngazi zako.

Kwa hivyo tumia zote mbili. Tafuta sehemu ya kuwekea mipaka ya pembe: sambamba ifanye 0 hadi 50, kontua 40 hadi 90. Zile digrii kumi za kupandana usiziondoe.

Bi_Randa:
Naongeza: mistari sambamba ifuate nyuzi za mbao. Ukizikata kukingama, mwembe utaota manyoya na utalaumu programu bure. Na pale jani linapokutana na uwanja, biti ya 6 itaacha kona nene, haiwezi kuingia. Mwishoni pitisha ya milimita 3 kwenye kona hizo tu, usiirudishe paneli nzima.

Patasi_Mvita:
Nimerudi. Nimekata kipande cha tatu cha mwembe, pande zote nne sawasawa, msasa wa 180 dakika kumi basi. Lakini kuna mstari mwembamba unaozunguka ua, pale njia mbili zinapokutana, kama mkufu. Mteja akaupenda, akidhani ni nakshi!

Msasa120:
Ulitoa biti katikati ya kazi?

Patasi_Mvita:
Naam. Stima ilipotea baada ya sambamba, nikaitoa kuisafisha, nikapima Z (kimo cha biti) upya kwa karatasi.

Msasa120:
Basi ndiyo hiyo karatasi, kimo hakikurudi palepale. Kwenye mbambakofi usifungue koleti, kile kishikio cha biti, mpaka kontua iishe.