Tupeane uzoefu: Je, vikundi vya kampeni vipewe meza kwenye mikusanyiko ya wavutaji wa vepu?

Bi Koili (mleta mada)
Wakuu, salamu kwenu. Sisi watu watano tunaandaa mkusanyiko wa wavutaji wa vepu (sigara za kielektroniki), na tumekwama kwenye jambo dogo lililozaa ubishi mkubwa. Kikundi kinachotetea haki ya mtu mzima kuacha sigara kwa kutumia vepu kimeomba meza moja bila malipo. Wenzangu wawili wamekubali. Wawili wanasema watu huja kuonja ladha mpya, kuoneshana vifaa na kucheka, hawaji kuhutubiwa. Kura ya tano ni yangu. Kilichonirudisha nyuma ni kumbukumbu ya mkusanyiko wangu wa kwanza, ambako meza ya kampeni iliwekwa kwenye ujia wa kuelekea chooni, na binti aliyeikalia alishinda pale kutwa nzima akielekeza watu msalani. Mliowahi kukaa nyuma ya meza hizo, au mliowahi kuzikwepa, naomba mtueleze yaliyowakuta.

Fundi Waya
Mimi ni wa kuzikwepa. Nilikuwa najifanya ninazungumza na simu.

Mkereketwa Mstaafu
Ndugu mleta mada, umenitonesha kidonda. Nilikaa nyuma ya meza hizo kwa miaka minne. Nilianza mwaka 2015, pale Public Health England, iliyokuwa taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, ilipotoa tathmini kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa takriban asilimia 95 yakilinganishwa na ya sigara, na tarakimu hiyo tukaichapisha kwenye bango lililonizidi urefu. Nilikuwa nimeacha sigara baada ya kuzivuta kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo niliongea kama mtu aliyefufuka, na mtu aliyefufuka huwa hasikilizi sana.

Sasa njooni Septemba 2019, Marekani. Hospitali zilikuwa zikipokea vijana ambao mapafu yao yameharibika ghafla, na kila chombo cha habari kilitamka neno moja tu, vepu. Ukumbi wetu ulijaa, muziki uko juu, shindano la kupuliza mawingu ya mvuke linaendelea, na mwanamke mmoja akasimama mbele ya meza yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa wanaokufa, wanakufa kwa nini hasa?" Hata hajamaliza nikamjibu kwamba hakuna anayekufa, kwamba hizo ni propaganda za kampuni za dawa za hospitali zinazotaka turudi kwenye vibandiko vyao vya nikotini. Alinitazama kwa muda, kisha akasema mdogo wake alikuwa amelazwa tangu siku nne zilizopita na alikuwa akipumua kwa mashine. Nikakosa neno. Unajua nilifanya nini? Nikampa kipeperushi. Alikisoma kichwa chake cha habari, akakirudisha mezani, akakilinganisha vizuri na vingine kwenye rundo kana kwamba hataki kuniharibia mpangilio, akaondoka.

Novemba mwaka huo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza kwamba vitamini E asetati ilikuwa imepatikana kwenye sampuli za majimaji ya mapafu ya wagonjwa, kiungo kilichokuwa kikichanganywa hasa kwenye vimiminika vya bangi vilivyouzwa kwa magendo. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa wamehesabiwa kuwa 2,807, na vifo peke yake vilikuwa 68. Wenzangu walishangilia kwamba vimiminika vyetu vya nikotini havikuwa ndivyo vilivyoshukiwa zaidi. Mimi sikuweza kushangilia, maana siku ile sikuwa najua chochote, na badala ya kusema sijui nilimwambia mtu mwenye mgonjwa kwamba mgonjwa wake hayupo. Wapeni meza, lakini waulizeni kwanza ni nani atakayeikalia.

Kipepeo
Naunga mkono kila neno. Sina la kuongeza.

Asiyeyumba
Poleni, lakini swali la nani anakaa linakuja baada ya swali la nani analipa. Septemba 2017 ilitangazwa Foundation for a Smoke-Free World, yaani wakfu wa dunia isiyo na moshi wa sigara, jina zuri kabisa, na mfadhili wake alikuwa Philip Morris International, kampuni ya sigara, aliyeahidi takriban dola milioni 80 kila mwaka kwa miaka 12. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi huohuo kwamba halitashirikiana nayo. Kwa hiyo akija mtu na fulana yenye maneno ya uhuru, mimi naangalia kwanza risiti ya fulana.

Mama Ladha
Kaka Asiyeyumba, usituweke sote kapu moja. Kikundi chetu kilikuwa na watu sita na kopo la michango ambalo zamani lilikuwa la maziwa ya unga. Nauli nilijilipia, na vipeperushi nilivichapisha kwa fedha zangu. Ukiniita kibaraka wa kampuni ya sigara, nioneshe hizo dola, nami nitakugawia nusu.

Asiyeyumba
Usinilishe maneno, dada. Sijasema wewe. Nimesema mwandaaji aulize. Hata Mkataba wa kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, kifungu cha 5.3, unataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku.

Mama Ladha
Kifungu hicho kinazifunga serikali zilizoridhia, hakiwafungi watu waliokusanyika ukumbini siku ya Jumamosi. Na wauzaji wa vimiminika waliojaza ukumbi huohuo, wao risiti zao umeziangalia?

Asiyeyumba
Muuzaji hajifichi. Ameandika bei.

Msafiri wa Mvuke
Mkimaliza kugombana naomba nitoe ushahidi wa upande wa waliokwepa, ambao mimi nilikuwa kinara wao. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha Maelekezo yake mapya ya Bidhaa za Tumbaku. Jamaa mmoja wa kampeni alisimama kwenye mkusanyiko wetu na chupa mbili, moja kubwa na nyingine ndogo kama ya dawa ya macho, akatuambia kwamba hii ndogo ndiyo tutakayobakishiwa. Tulimcheka. Mwenzangu alimpulizia wingu la mvuke usoni, kwa utani, nasi tukaenda zetu kwenye meza ya vionjo vya bure. Mei 2016 sheria ikaanza kutumika: chupa ya nikotini isizidi mililita 10, tangi lisizidi mililita 2, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Hapo ndipo kila mmoja alipotafuta mahali pa kusaini ombi la kuipinga, na jamaa hakuwepo tena. Sisemi kwamba saini zetu zingebadilisha kitu, kwa sababu sheria ile ilipita bungeni kwa njia zake na tulikuwa wachache, ila ninamkumbuka akijifuta uso.

Kijana wa 18650
Wakuu, kuhusu meza za kampeni mimi nina kovu. Nilisimama mbele ya meza moja nikisikiliza maelezo ya ombi la pamoja, na kwenye mfuko wa suruali nilikuwa na betri ya akiba ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo inayotumika kwenye vepu, ikiwa bila kasha, pamoja na funguo. Niliponyoosha mkono kuchukua kalamu nilisikia joto pajani, nikadhani ni simu. Sekunde chache baadaye mfuko ulianza kutoa sauti kama gesi inayotoka kwenye mtungi uliolegea, kisha ikatoka cheche. Niliingiza mkono wa kulia kuitoa, na hilo lilikuwa kosa la pili baada ya zile funguo. Betri ikaangukia kwenye vipeperushi, vipeperushi vikashika moto, na dada wa kampeni akafunika meza yote kwa bango lenye maandishi makubwa kwamba vepu ni salama zaidi. Watu walikuwa wakipiga picha. Bado ninakutana nayo.

Kipepeo
Subhanallah.

Fundi Waya
Funguo ziliunganisha chanya na hasi, ndiyo maana. Gamba la 18650 karibu lote ni hasi, na ile plastiki nyembamba ikichubuka basi ufunguo mmoja tu unatosha. Kasha la plastiki ni rahisi kuliko suruali.

Msafiri wa Mvuke
Paja ulilipaka nini? Mimi nilishawahi kuungua nikapaka dawa ya meno.

Mama Ladha
Tafadhali asipake mtu dawa ya meno. Maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha hospitali, kwa kuwa betri za lithiamu huacha na kemikali kwenye kidonda.

Bi Koili (mleta mada)
Pole sana, kijana. Nawaomba turudi mezani kabla uzi haujawa wa betri. Meza tuiweke wapi?

Fundi Waya
Mlangoni, ili asiwepo wa kuikwepa.

Kipepeo
Msiiweke mlangoni, watu watadhani ni kiingilio na watageuza.

Asiyeyumba
Iwekwe popote, mradi ombi la pamoja lisomeke lote kabla ya mahali pa kusaini, na jina la mfadhili liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule.

Msafiri wa Mvuke
Anayetaka kushindana mawingu asaini kwanza.

Mkereketwa Mstaafu
Saini ya kulazimishwa tuliijaribu. Tulipata majina mengi, matatu kati yake yakiwa ya wachezaji mpira waliokwishafariki.

Mama Ladha
Bi Koili, wape meza, uwape na kasha za betri wazigawe. Mtu akija kuchukua kasha atasimama dakika mbili, na dakika mbili zinatosha kwa kikundi chenye jambo la kusema.

Asiyeyumba
Hilo hata mimi silipingi. Kasha zitalipiwa na nani?

Mama Ladha
Na kopo la maziwa, kaka.

Bi Koili (mleta mada)
Kura yangu itakuwa ndiyo, kwa masharti ya Asiyeyumba na kasha za Mama Ladha, na meza haitakaa karibu na choo. Mkereketwa Mstaafu, nakuandikia faraghani. Ningependa uje ukae na vijana wa kikundi hicho kwa saa moja kabla milango haijafunguliwa. Na wewe Kijana wa 18650, lile ombi ulilisaini hatimaye?

Kijana wa 18650
Nililisaini wiki mbili baadaye, kwa mkono wa kushoto. Walinipigia simu kuthibitisha kama ni mimi.